Mwongozo Kamili wa Kupanga Mhusika wa Fani Mbili Bila Kumdhoofisha

Karatasi za wahusika wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ninazoletewa kuzikagua hukosewa mahali palepale. Mchezaji ameeleza kwa ufasaha jinsi mhusika wake atakavyotisha kwenye ngazi ya 20, lakini hajaandika hata mstari mmoja kuhusu ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, ambazo ndizo kundi lake litakazozicheza kwa miezi mingi. Kikao cha saba kikifika, wenzake wanapiga mara mbili kwa zamu au wanarusha moto chumba kizima, naye bado anapiga mara moja na kusubiri.

Mwongozo huu unafuata toleo la tano la Dungeons & Dragons, yaani kanuni za 2014 na zile zilizorekebishwa mwaka 2024. Pale ambapo vitabu hivyo viwili vinatofautiana, nimetaja mwaka.

Maneno manne yatatumika kwa maana maalumu. Fani ni kazi ya mhusika, kama vile mpiganaji, kasisi, mjanja au mchawi msomi. Ngazi ya fani ni ngazi alizopata ndani ya fani moja, na ngazi ya jumla ni jumla ya ngazi zake zote. Tabano ni uchawi mmoja unaotamkwa, nao hupangwa kwa madaraja kuanzia la 1 hadi la 9. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mhusika na jingine kwa tabano, basi tusiyachanganye, kwa sababu nusu ya makosa ninayoyaona hutokana na mtu kusoma ngazi mahali palipokusudiwa daraja.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu cha kanuni cha toleo moja tu. Usichukue fani moja kutoka kanuni za 2014 na nyingine kutoka za 2024 bila idhini ya mwongoza mchezo.
- Karatasi ya mhusika pamoja na karatasi tupu, ambayo hapa tutaiita daftari la ngazi.
- Penseli na kifutio.
- Dadu, hasa ile ya pande 20, kwa ajili ya majaribio ya mwisho.
- Majibu matatu kutoka kwa mwongoza mchezo: kuchanganya fani kunaruhusiwa? Tunaanza ngazi gani na tunatarajia kuishia ngazi gani? Alama za uwezo (nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto) zinapatikana kwa njia ipi?

Swali la kwanza si la adabu tu. Katika kanuni za 2014, kuchanganya fani ni kanuni ya hiari, na mwongoza mchezo ana haki kamili ya kuikataa. Swali la pili ndilo litakaloamua mambo mengi zaidi, kwa kuwa mhusika anayekamilika kwenye ngazi ya 11 hana maana katika kampeni inayoishia ngazi ya 8.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya mhusika kwa sentensi moja

Andika mhusika atafanya nini ndani ya pambano, si atakuwa nani. Mfano tutakaoufuata hadi mwisho ni huu: "Anasimama mstari wa mbele akiwa na deraya nzito, anadumisha tabano moja kubwa, na hapotezi umakinifu anapopigwa." Sentensi hiyo inatupeleka kwa mpiganaji na mchawi msomi.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba sentensi ya kazi hukuonyesha fani ipi ndiyo shina na ipi ni ya kuazima tu. Hapa shina ni mchawi msomi, na mpiganaji anaazimwa kwa ajili ya deraya na ustahimilivu.

Onyo: ikiwa sentensi yako inaweza kutimizwa na fani moja pamoja na kipaji kimoja (uwezo wa ziada unaochaguliwa), acha kuchanganya. Mpiganaji anayetaka tabano mojamoja ana tawi lake la kichawi, yaani utaalamu unaochaguliwa ndani ya fani yake, na mjanja vilevile. Karatasi nyingi zingeokolewa hapahapa.

Utajua umefaulu ikiwa mtu mwingine wa kundi anaweza kusoma sentensi hiyo na kukuambia utasimama wapi vita vikianza.

## Hatua ya 2: Pima alama za uwezo kabla ya kupenda chochote

Kila fani ina alama ya chini inayotakiwa, nayo ni 13. Mpiganaji anahitaji nguvu 13 au wepesi 13. Babariani anahitaji nguvu, mjanja wepesi, mchawi msomi akili, na kasisi na druidi busara. Manju, mchawi wa nasaba na mchawi wa mkataba wanahitaji mvuto. Fani tatu ni ghali kwa kuwa zinadai alama mbili kwa pamoja: mtawa na mlinzi wa pori wanadai wepesi na busara, ilhali paladini anadai nguvu na mvuto.

Jambo linalosahaulika ni kwamba masharti hayo yanahusu fani unayoiendea na ile unayotoka pia. Mpiganaji mwenye nguvu 12 na wepesi 12 hawezi kuingia fani ya mchawi msomi hata akiwa na akili 18.

Katika mfumo wa kununua alama, unapewa pointi 27, na kila alama huanzia 8 na haizidi 15 kabla ya nyongeza. Alama ya 13 inagharimu pointi 5, ya 14 inagharimu 7, na ya 15 inagharimu 9. Sasa tazama anayetaka paladini pamoja na mlinzi wa pori: anahitaji 13 katika alama nne, yaani pointi 20 zimekwenda kwa ajili ya kuruhusiwa tu kupita mlangoni. Zilizobaki ni 7, na bado hajanunua ustahimilivu.

Mfano wetu unagawanywa hivi: nguvu 13, wepesi 10, ustahimilivu 15, akili 15, busara 10, mvuto 8. Jumla ni 5 + 2 + 9 + 9 + 2 + 0, yaani 27 kamili. Tukiongeza 2 kwenye akili na 1 kwenye ustahimilivu, tunapata akili 17 na ustahimilivu 16. Nguvu 13 haikuchaguliwa kwa bahati: inatimiza sharti la mpiganaji na pia inatosha kuvaa deraya ya minyororo bila kupunguziwa mwendo.

Onyo: usiuze ustahimilivu ili kutimiza sharti la fani ya pili. Mhusika anayesimama mbele akiwa na ustahimilivu 10 atacheza vikao vingi akiwa amelala chini.

## Hatua ya 3: Chagua fani ya ngazi ya kwanza

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu wachezaji hudhani kwamba mpiganaji kisha mchawi ni sawa na mchawi kisha mpiganaji. Si sawa hata kidogo. Ngazi ya kwanza kabisa hutoa vitu vitatu ambavyo havitolewi tena.

Kwanza, umahiri (nyongeza ya kile ulichofunzwa) wa mitupo ya kujiokoa, yaani dadu unazotupa ili kuepuka dhara, hutoka kwenye fani ya kwanza peke yake. Mpiganaji hutoa nguvu na ustahimilivu, ilhali mchawi msomi hutoa akili na busara. Pili, pointi za uhai hujazwa kikamilifu kwa dadu ya ngazi ya kwanza tu, na ngazi zinazofuata hutupwa au huchukua wastani. Tatu, anayeingia fani baadaye hupewa sehemu tu ya umahiri wake wa silaha na deraya: anayeingia upiganaji kama fani ya pili hapati deraya nzito, na anayeingia uchawi wa kisomi hapati umahiri wowote wa silaha.

Kwa mfano wetu, kuanza na mpiganaji kunatupa pointi za uhai 13 kwenye ngazi ya 1, deraya nzito, na mtupo wa kujiokoa wa ustahimilivu. Faida ya mwisho inapimika. Unapopigwa huku ukidumisha tabano kwa umakinifu, unatupa dadu ya pande 20 na unatakiwa kufikisha 10 au nusu ya madhara, ipi iliyo kubwa. Mwenye ustahimilivu 16 bila umahiri huongeza 3, hivyo anafaulu dhidi ya 10 mara 70 katika 100. Mwenye umahiri wa +2 huongeza 5 na kufaulu mara 80, na nyongeza ya umahiri ikifika +3 kwenye ngazi ya jumla ya 5, anafaulu mara 85.

Hasara nayo iandikwe bila kuficha. Tumekosa mtupo wa busara, ambao ndio kinga dhidi ya matabano mengi ya kutawala akili. Mpiganaji wetu mwenye busara 10 akirogwa na kugeuzwa dhidi ya wenzake, asilalamike; alichagua.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kutaja kitu kimoja ambacho ungekikosa moja kwa moja kama ungegeuza mpangilio. Usipokiona, fani ya kuanzia haijachaguliwa bali imeokotwa.

## Hatua ya 4: Andika daftari la ngazi

Chukua karatasi tupu na uigawanye safu nne: ngazi ya jumla, fani unayoichukua, unachopata, na unachochelewesha. Safu ya nne ndiyo kiini cha mwongozo huu. Kila ngazi unayoitoa kwenye shina ni ngazi ambayo shina linasubiri, na kusubiri huko lazima kuandikwe kwa jina.

Kabla ya kujaza, weka akilini kinachopanda kwa ngazi ya jumla na kinachopanda kwa ngazi ya fani. Nyongeza ya umahiri hufuata ngazi ya jumla: +2 mwanzoni, +3 kuanzia ya 5, +4 kuanzia ya 9, +5 kuanzia ya 13, na +6 kuanzia ya 17. Matabano madogo ya kushambulia, yale yasiyotumia nafasi (hesabu ya matabano unayoweza kutamka kabla ya kupumzika), nayo huongezeka nguvu kwa ngazi ya jumla ya 5, 11 na 17. Karibu kila kitu kingine hufuata ngazi ya fani.

Kuongeza alama za uwezo au kuchukua kipaji kumo katika hicho "kingine", na hapa ndipo watu huumia. Faida hiyo huja kwenye ngazi ya 4, 8, 12, 16 na 19 za fani; mpiganaji huongezewa ya 6 na ya 14, na mjanja ya 10. Mhusika mwenye ngazi 3 za mpiganaji na 3 za mjanja yuko kwenye ngazi ya jumla ya 6 bila kuongeza alama hata moja, huku mpiganaji wa fani moja kwenye ngazi hiyohiyo ameshaongeza mara mbili.

Daftari la mfano wetu linasomeka hivi:

- Ngazi ya 1, mpiganaji 1. Unapata deraya nzito, ngao, silaha zote na uwezo wa kujirudishia uhai kidogo. Unachelewesha uchawi wote.
- Ngazi ya 2, mchawi 1. Unapata matabano madogo na nafasi mbili za daraja la 1. Unachelewesha nafasi ya tatu.
- Ngazi ya 3, mchawi 2. Unapata nafasi tatu za daraja la 1, na tawi la uchawi ikiwa mnatumia kanuni za 2014. Unachelewesha daraja la 2, ambalo mchawi wa fani moja analo tayari.
- Ngazi ya 4, mchawi 3. Unapata daraja la 2, na kwa kanuni za 2024 tawi linakuja hapa. Unachelewesha kuongeza alama.
- Ngazi ya 5, mchawi 4. Unaongeza alama au kuchukua kipaji, umahiri unafika +3, na matabano madogo yanapata dadu ya pili. Unachelewesha daraja la 3.
- Ngazi ya 6, mchawi 5. Unapata daraja la 3.

Soma mstari wa ngazi ya 5 mara mbili. Katika ngazi hiyo mchawi wa fani moja anaweza kurusha mpira wa moto wa dadu 8 za pande 6, ambao wastani wake ni madhara 28 kwa kila aliyemo ndani ya duara na kushindwa kujiokoa. Mhusika wetu hana hilo kwa ngazi nzima. Je, deraya na umakinifu vinastahili bei hiyo? Kwa sentensi yetu ya kazi, ndiyo. Kwa mtu ambaye sentensi yake ilikuwa kuteketeza maadui kutoka mbali, jibu ni hapana, na daftari limemwambia mapema.

Ngazi ya 5 ni kizingiti kwa fani za silaha pia. Mpiganaji, babariani, mtawa, paladini na mlinzi wa pori wote hupata shambulio la pili kwenye ngazi ya 5 ya fani. Chukua anayeacha upiganaji kwenye ngazi ya 4 ili aonje ujanja. Anapata shambulio la kuvizia la dadu moja ya pande 6, wastani 3.5, tena kwa masharti. Alichokiacha ni pigo zima la pili: kwa upanga mwembamba na wepesi wa 18, wastani wake ni 8.5 likipata shabaha. Methali ya mshika mbili imetungwa kwa ajili ya ngazi hii.

Onyo: shambulio la pili halijumlishwi. Ngazi 5 za mpiganaji na 5 za mlinzi wa pori hazikupi mashambulio matatu. Unabaki na mawili, na umelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Vivyo hivyo, ukiwa tayari na njia ya kujilinda bila deraya kutoka fani ya kwanza, fani ya pili haikupi yake.

Kanuni yangu binafsi ni kutotoa zaidi ya ngazi mbili kabla shina halijafika ngazi ya 5, na ikiwezekana nisitoe hata moja isipokuwa ile ya kuanzia. Wapo wanaocheza vizuri kinyume chake, lakini karibu wote ni watu waliokwisha kuujua mchezo kwa miaka.

Utajua umefaulu ikiwa hakuna mistari miwili mfululizo ambayo safu ya tatu ni nyembamba na safu ya nne ni nzito. Mstari mmoja wa namna hiyo unavumilika. Miwili ni vikao vingi vya kujuta.

## Hatua ya 5: Hesabu nafasi za matabano kwa usahihi

Ruka hatua hii ikiwa ni fani moja tu kati ya zako inayotoa nafasi za matabano. Tumia jedwali la fani hiyo kama lilivyo. Mfano wetu uko kundi hili.

Zikiwa mbili au zaidi, jumlisha hivi. Ngazi za manju, kasisi, druidi, mchawi wa nasaba na mchawi msomi huhesabiwa zote. Ngazi za paladini na mlinzi wa pori huhesabiwa nusu, ambapo kanuni za 2014 hushusha sehemu inayobaki na za 2024 huipandisha. Matawi ya kichawi ya mpiganaji na mjanja huhesabiwa theluthi moja, kwa kushusha. Jumla hiyo ndiyo unayoitafuta kwenye jedwali la wachanganyaji.

Kwa mfano, paladini 5 na mchawi wa nasaba 4 kwa kanuni za 2014 ni 2 + 4, yaani 6: nafasi nne za daraja la 1, tatu za la 2 na tatu za la 3. Kwa kanuni za 2024 ni 3 + 4, yaani 7, na hapo inaongezeka nafasi moja ya daraja la 4.

Mtego uko hapa. Nafasi hujumlishwa, lakini matabano unayoyajua au kuyaandaa huhesabiwa kwa kila fani peke yake, kana kwamba hiyo nyingine haipo. Kasisi 3 na mchawi msomi 4 ana jumla ya 7, kwa hiyo ana nafasi ya daraja la 4. Hata hivyo, kasisi wa ngazi ya 3 haandai tabano lililo juu ya daraja la 2, na mchawi wa ngazi ya 4 pia. Mhusika huyo ana nafasi za daraja la 3 na la 4 bila tabano lolote la madaraja hayo. Anachoweza ni kutumia nafasi kubwa kutamka tabano la daraja la chini kwa nguvu zaidi, na si kila tabano linafaidika na hilo.

Nilijenga mhusika wa aina hiyo nilipokuwa mgeni, nikajisifu kwa nafasi zangu nyingi. Kikao cha tatu baada ya kuchanganya niligundua kwamba nilikuwa na tochi kumi na kiberiti cha moja.

Mchawi wa mkataba anasimama kando. Nafasi zake haziingii katika jumla. Zinabaki katika akiba yake na kurudi baada ya mapumziko mafupi, ilhali za wengine hurudi baada ya mapumziko marefu. Ziandike kwenye kisanduku tofauti cha karatasi. Unaweza kuzitumia kwa matabano ya fani nyingine na kinyume chake, lakini usizijumlishe.

Utajua umefaulu ikiwa kando ya kila daraja la nafasi umeandika angalau tabano moja utakalolitamka kwa nafasi hiyo, na pembeni yake fani lilikotoka.

## Hatua ya 6: Tafuta mambo yanayogombana

Karatasi ya mhusika huonyesha ulivyo navyo, lakini haionyeshi unavyoweza kutumia kwa pamoja. Pitia migongano minne.

Tendo la ziada. Unalo moja tu kwa zamu, juu ya tendo lako la kawaida. Mlinzi wa pori aliyechanganywa na mjanja hupenda kuweka alama ya mwindaji juu ya adui, kupiga kwa silaha ya mkono wa pili, na kujificha kwa ujanja wake. Kwa kawaida mambo hayo matatu yanagombea tendo hilohilo moja. Kanuni za 2024 zimeongeza mgombea mwingine kwa upande wa paladini, kwani pigo takatifu sasa ni tabano la tendo la ziada, ilhali mwaka 2014 halikugharimu tendo lolote.

Umakinifu. Tabano moja la kudumishwa kwa wakati mmoja, hata ukiwa na fani tano. Orodhesha matabano yako na uweke nyota kwenye yanayohitaji umakinifu. Ikiwa zaidi ya nusu yana nyota, badilisha baadhi yake.

Hali zinazofungana. Babariani aliye katika ghadhabu hawezi kutamka wala kudumisha tabano. Mchanganyiko wake na mchawi msomi hutoa watu wawili wanaopokezana mwili mmoja. Na babariani aliyechanganywa na mjanja? Huo unawezekana, ila kwa uangalifu: madhara ya ziada ya ghadhabu yanadai shambulio la nguvu, na kuvizia kunadai silaha nyepesi ya ustadi au ya kurusha. Suluhisho ni kutumia upanga mwembamba kwa nguvu badala ya wepesi, jambo ambalo kanuni zinaruhusu.

Mikono. Mfano wetu unaumia hapa. Mwenye upanga mkono mmoja na ngao mkono wa pili hana mkono wa kufanyia ishara za tabano. Ama aweke upanga alani, ama aache ngao, ama achukue kipaji cha mchawi wa vita kinachoruhusu ishara huku mikono imeshika silaha au ngao. Ndiyo maana kwenye ngazi ya jumla ya 5 tutakichukua kipaji hicho, ambacho pia humpa faida ya kutupa dadu mbili katika mitupo ya umakinifu.

## Hatua ya 7: Mjaribu katika mapambano matatu

Mtengeneze mhusika kwenye ngazi ya 3, ya 5 na ya 8, au ngazi tatu ambazo kundi lako litazicheza. Pembeni yake tengeneza mwenzake wa fani moja mwenye ngazi ileile. Huyo ndiye kipimo. Bila yeye utajidanganya.

Pambano la kwanza liwe dhidi ya maadui wengi walio karibu. La pili liwe dhidi ya adui mmoja anayeruka au aliye mbali. La tatu liwe baada ya nafasi zote na nguvu za mapumziko kwisha, kwa sababu hapo ndipo fani ya shina huonekana ilivyo. Cheza raundi tatu kila moja, tupa dadu kweli, na uandike zamu yako kwa maneno: nimefanya tendo gani, tendo la ziada gani, nimesimama wapi.

Usitarajie ushindi katika yote matatu. Mchanganyiko mzuri hushindwa na fani moja katika jambo moja, hulingana nayo katika jingine, na huishinda katika lile lililoandikwa kwenye sentensi ya Hatua ya 1. Ukishindwa kwenye jambo la sentensi yenyewe, rudi Hatua ya 4 na usogeze ngazi, usiongeze fani ya tatu. Fani ya tatu kama dawa ya fani ya pili ndilo kosa la mwisho ninaloliona kabla mtu hajaomba kubadilisha mhusika.

Utajua umefaulu ikiwa hakuna zamu uliyoandika "sina la kufanya", na hakuna zamu uliyohitaji matendo mawili ya ziada.

## Hatua ya 8: Amua mahali pa kuacha

Kila fani ya kuazima ina ngazi ya kutokea. Mjanja hulipa kwenye ngazi ya 2, anapopata uwezo wa kukimbia, kujitoa au kujificha kwa tendo la ziada. Paladini hulipa kwenye ya 2 kwa sababu ya pigo takatifu, kisha halipi tena kwa kishindo hadi ya 5, na ya 6 ambapo mvuto wake huanza kuwasaidia walio karibu katika mitupo ya kujiokoa. Anayeacha upaladini kwenye ngazi ya 4 au ya 5 ajiulize kwa nini anashuka kituo kimoja kabla ya mji.

Mwambie pia mwongoza mchezo ni lini fani mpya itaingia, vikao viwili au vitatu kabla. Si kwa ajili ya hesabu: kitabu cha uchawi hakianguki kutoka mbinguni, na mwongoza mchezo aliyearifiwa mapema atakiweka njiani.

Kwa mfano wetu, swali lililobaki ni kama turudi kwa mpiganaji kuchukua ngazi ya 2, ambayo hutoa tendo zima la nyongeza mara moja kwa kila mapumziko. Kwa kanuni za 2014, tendo hilo linaweza kutumika kutamka tabano la pili katika zamu ileile, na wengi hulipia ngazi hiyo kwa furaha baada ya mchawi kufika ya 5. Kwa kanuni za 2024, tendo hilo haliruhusiwi kutumika kwa uchawi. Mchawi wetu basi angenunua pigo moja la upanga kwa bei ya kuchelewesha daraja la 4 kutoka ngazi ya jumla ya 8 hadi ya 9. Katika kampeni ya 2024 inayoishia ngazi ya 10, ninafuta mstari huo kwenye daftari, ninaandika "mchawi" kuanzia ngazi ya 7 hadi ya 10, na karatasi inakwenda kwa mwongoza mchezo.